Tairi Zinakula

Mdogo wangu alikuwa mtu wa mbwembwe tangu tumboni. Mama alikuwa akisema hata siku ya kuzaliwa alitanguliza mkono, kama anayepungia watu. Mtaani walipompachika jina la Mbwembwe hakuna aliyeshangaa, na yeye mwenyewe akalipaka kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kibanda chake cha kinyozi. Nakuambia mapema ili usije ukanikata kauli: haya sikusimuliwa na mtu. Yalimkuta mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni nikiwa mtoto mwenyewe, na yalitokea mbele ya macho yangu, mchana, watu wakiwa kazini.

Mimi nashona. Kibanda changu kiko ndani ya uwanja wa gereji, ubavuni mwa ukuta, na kina cherehani mbili. Ile kubwa ni ya viti vya magari, inatoboa turubai na ngozi bandia bila kulalamika. Ndogo ni ya nguo za watu: kupunguza kiuno, kushusha pindo, kubadili zipu. Pale nilipokaa naona kila gari linaloingia na nasikia kila kinachosemwa, na mdomo wangu, wanasema, hauna breki. Sibishi.

Mbwembwe alikuwa na kigari cha milango mitano, kile kisicho na mkia, ambacho mzigo unapakiwa kwa kuinua kioo cha nyuma. Tulikiita Kiroboto. Kilimpeleka kazini, kilimpeleka binti yake shule, kilimpeleka mkewe kwao na kumrudisha. Kosa lake lilikuwa magurudumu. Yalikuwa madogo mno, na wateja waliokaa kwenye kiti cha kinyozi hawakumwacha apumue. Walimuuliza kama alikinunua pamoja na rimoti yake. Walimuuliza kinatumia betri ngapi. Yeye alicheka nao huku mashine inatembea vichwani mwao, lakini mimi nilimjua. Lilimkaa rohoni.

Siku rimu alizoagiza zilipoletwa gereji ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Nilikuwa nabandua kitambaa kilichooza kwenye kiti cha lori, vumbi limenijaa puani. Muuza spea akaingia na mkokoteni, juu yake rimu nne za aloi, pana, za kijivu, kila moja na tairi lake. Tairi zenyewe zilikuwa vipara, laini kama kiganja. Nilichokiona kwanza ni jinsi alivyozishusha. Hakuzishika. Alizisukuma kwa kipande cha mti, moja moja, huku mkono mwingine ameuficha nyuma.

"Zimetoka kwenye gari gani?" nikamuuliza, maana sijui kunyamaza.

"Dogo kama hilo," akasema, akionyesha Kiroboto kwa kidevu.

"Lilipata ajali?"

"Hapana," akasema. "Liliisha."

Aligeuza mkokoteni wake akaondoka, na nilidhani ana haraka tu, kama wauza spea wote.

Fundi wetu wa gereji ni mzee mwenye tumbo na subira, mtu asiyepandisha sauti hata nati ikimvunjikia mkononi. Alizunguka zile rimu mara mbili, akapima moja kwa futi kamba, akamtazama mdogo wangu.

"Hizi ni inchi kumi na saba. Kigari chako kinavaa kumi na tatu. Unataka kumvisha mtoto viatu vya baba yake?"

"Mtoto anakua, fundi."

"Gari halikui."

"Utalikuza wewe. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Kwa maneno ya aina hiyo mdogo wangu alikuwa anapata anachotaka tangu akiwa mdogo. Fundi akavua saa, akaanza kazi. Tundu la katikati la rimu lilikuwa pana kuliko kitovu cha gari, kwa hiyo ikabidi achongeshe pete za kuziba nafasi, la sivyo usukani ungetetemeka mpaka meno yagongane. Akatia vipande vya mpira juu ya springi ili gari linyanyuke. Kisha akachukua nyundo ya mpira na gogo, akakunja kingo za madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, kwa ndani, taratibu, kidogo kidogo, rangi isije ikapasuka. Alimwonya pia kwamba mshale wa spidi utaanza kudanganya, gari litakuwa linakimbia kuliko unavyosema. Mbwembwe aliitikia kila kitu. Macho yake yalikuwa kwenye rimu, na ukimwona ungedhani anaangalia mchumba.

Kazi ilipokwisha, Kiroboto kilisimama juu kama mtu aliyepanda kwenye kiti. Kilipendeza, siwezi kusema uongo. Mdogo wangu akaingia, akawasha, akakata usukani mpaka mwisho. Ikasikika sauti upande wa kulia mbele. *Krrr.* Akakata upande wa pili. *Krrr.*

"Zinakula," fundi akasema.

Neno hilo kwetu gereji ni la kawaida, husemwa mara kumi kwa siku. Tairi likigusa madigadi, linakula. Tairi likichakaa upande mmoja, linaliwa. Gari bovu linakula mafuta, injini mbovu inakula oili. Hakuna anayesikia jino ndani ya neno hilo, sote tumelizoea. Fundi alichutama, akapapasa ndani ya madigadi. "Mbele zinakula ukikata kona. Nyuma zitakula ukipakia watu. Ukiniuliza mimi, nizitoe tutafute za kumi na tano."

Mbwembwe akashuka. Akapigapiga tairi la mbele kwa kiganja, kwa upendo.

"Ziache zile," akasema. "Zikishiba zitaacha zenyewe."

Tukacheka. Mimi nilicheka mpaka uzi ukanitoka mdomoni. Akarudi ndani, akakata usukani tena, mpaka mwisho. Kimya. Akakata upande wa pili. Kimya. Fundi akainama, akaangalia nafasi kati ya tairi na madigadi, akakuna kichwa. Hakuna kilichokuwa kimebadilika. Nafasi ilikuwa ile ile, haitoshi hata kupitisha karatasi.

"Mmeona?" mdogo wangu akapaza sauti dirishani. "Zimesikia!"

Akatoka getini na honi juu.

Siku za kwanza zilikuwa za furaha. Wateja walihama utani, sasa wakaomba kupiga nacho picha. Wifi yangu, mkewe, mwanamke mpole asiyependa makuu, alilalamika tu kwamba kupanda ndani imekuwa kazi, inabidi akunje gauni. Binti yao, wa darasa la kwanza, alifurahi kuona juu ya kuta za watu. Mimi nilirudi kwenye viti vyangu.

Kisha fundi akaniita. Kiroboto kilikuwa kimeletwa kubadilishiwa oili, na Mbwembwe alikuwa kibandani kwake akinyoa. Fundi alikuwa amelala chini upande wa gurudumu la nyuma, na tochi mchana kweupe.

"Dada, njoo uangalie kitu, uniambie kama macho yangu yamezeeka."

Ndani ya madigadi huwa kuna kava la plastiki jeusi, la kuzuia mawe. Halikuwepo. Halikuwa limechanika, maana lingechanika lingeacha vipande kwenye skrubu. Skrubu zilikuwepo zote, safi, zimekaa zenyewe tu. Magurudumu yote manne, hivyo hivyo. Nikamwambia labda Mbwembwe ameyatoa. Fundi akashika mkono wangu, akaupeleka kwenye tairi. Nikagusa. Nikagusa tena.

"Hizi zilikuwa vipara," akanong'ona.

Tairi lilikuwa na mikato. Midogo, myembamba, kama ya tairi lililotumika nusu ya maisha yake. Nikasema amenunua mpya. Fundi akanionyesha kiraka cha zamani ubavuni mwa tairi, kile kile tulichokiona siku ya kwanza.

"Hajanunua," akasema. "Zimeota meno."

Paka wa gereji alipenda kulala juu ya tairi zenye joto. Alikuwa paka wa rangi ya majivu, mnene kwa kudekezwa, na mimi ndiye niliyekuwa namdekeza. Mchana huo nilimwona amejikunja juu ya gurudumu la mbele la Kiroboto, ndani ya kivuli cha madigadi, mkia unaning'inia. Nikainama kufunga bobini ya cherehani. Nilipoinua kichwa, hakuwepo. Nikamwita. Nikatikisa kopo lake. Nilizunguka gari. Hapakuwa na damu wala unyoya, na gari halikuwa limetikisika hata kidogo. Hata leo sijamwona.

Unaweza kusema paka huondoka. Nilijiambia hivyo pia.

Halafu ikaja ile suruali.

Mbwembwe alinirushia suruali yake ya kazini, ile nyeusi ninayoijua, niliishona mwenyewe. "Dada, nipunguzie pindo. Inaburuta." Nikamwambia anaivaa chini ya kiuno kama watoto wa siku hizi, aipandishe. Akaipandisha. Ilikuwa inaburuta bado. Nikachukua futi kamba, nikampima kuanzia kiuno mpaka kisigino, nikakunja, nikashona, nikamrudishia. Nilidhani kitambaa kimelegea. Vitambaa vya siku hizi huvutika vikifuliwa.

Akarudi na suruali nyingine. Kisha akarudi na ile ya kwanza.

Nilimpima tena. Nikampima mkono. Nikampima mabega. Mtu akikonda hupungua kiuno, mifupa inabaki. Huyu alikuwa anapungua wote, kwa ulinganifu, mifupa na nyama, sura ile ile, mwili ule ule, mdogo kidogo. Nimepima watu maisha yangu yote. Sijawahi kumpunguza mtu mzima urefu.

"Unajisikiaje?" nikamuuliza.

"Vizuri mno. Gari linateleza, dada, hata barabara mbovu husikii. Ila siku hizi sisikii njaa kabisa."

Akacheka. Nami nikajilazimisha kucheka.

Nilikwenda kibandani kwake kesho yake, nijifanye nimepita tu. Alikuwa ananyoa mteja mzee. Kile kiti cha kinyozi kina pedali ya kupandisha na kushusha, na alikuwa amekishusha mpaka chini kabisa, na bado alikuwa amesimama juu ya kreti la soda. Mteja akamuuliza kama amebadilisha viti, mbona hivi vinaonekana virefu. Mbwembwe akamjibu kwa utani, sikumbuki utani gani. Nilikuwa nikitazama viatu vyake. Alikuwa amevijaza magazeti ili visimvuke. Nje, mbele ya mlango, Kiroboto kilikuwa kimeegeshwa juani, na tairi zake zilikuwa nyeusi, nene, zimejaa, mpya.

Mdogo wangu alikuwa anaisha. Nilijua hivyo, wazi, kama ninavyojua mshono uliooza. Na alikuwa na mke, na alikuwa na mtoto mdogo aliyemuita baba, na mimi ndugu mwingine sina.

Nikamwambia azitoe. Alikataa. Nikamwambia kwa upole, akakataa. Nikamtukana, nikamtaja mama yetu kaburini, akakataa. Akasema nina wivu. Akasema watu warefu hawana raha, wanagonga vichwa milangoni. Wifi yangu alikaa pembeni akilia bila sauti, kitambaa cha meza amekishika kwa mikono miwili. Aliponisindikiza getini aliniambia kitu kimoja tu. Alisema mumewe akilala, kitanda kinabaki kipana.

Aliyembadilisha mawazo si mimi. Alikuja mwenyewe kibandani kwangu, saa za mchana, fundi na wenzake wakiwa wanakula. Alipanda kwenye kiti changu na miguu yake ikaning'inia. Hakuwa na utani hata mmoja.

"Dada. Asubuhi binti yangu ameomba nimbebe."

Nikaacha kushona.

"Nimejaribu. Miguu yake ilikuwa inagusa chini."

Akaanza kulia. Nikamkumbatia. Kichwa chake kilinifika kifuani.

"Zitoe," akasema. "Mwambie fundi azitoe."

Fundi hakuuliza swali. Aliweka jeki chini ya Kiroboto, upande wa mbele kulia, akaanza kupandisha. Gari likapanda. Gurudumu halikupanda. Jeki ikazidi kwenda juu, bodi ikainuka, springi zikavutika mpaka zikalia, na gurudumu likabaki limekaa pale pale chini, limeng'ang'ania udongo. Fundi akaacha jeki. Akachukua spana ya nati, akaivisha, akaikanyaga kwa mguu. Nati haikusogea. Akaongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu. Akakanyaga kwa uzito wake wote, na yule si mtu mwepesi. Spana ikapinda. Ikapinda kabisa, kama kijiko.

Fundi akaiweka chini.

Halafu tukasikia. *Krrr.* Injini ilikuwa imezimwa. Usukani haukuguswa. *Krrr.* Sauti ilitoka magurudumu yote manne, kwa zamu, moja inamaliza, nyingine inaanza.

"Zinakula," fundi akanong'ona, na safari hii nililisikia lile jino.

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameshika mlango wa gari ili asianguke. Mkono wa shati ulikuwa umeshamfunika vidole. Ulikuwa haujamfunika alipoingia.

Hapo ndipo nilipokumbuka siku ile na kicheko chetu. Hakuna aliyezituma hizi rimu. Hakuna aliyetuloga. Zilikuja na njaa yao, zikaulizia kwa kinywa cha fundi, na mwenye gari akazipa ruhusa. Alizipa kwa maneno, kwa sauti, mbele ya mashahidi.

"Ongea nazo," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Uliziambia zile. Ziambie basi."

Fundi akanitazama kama nimerukwa na akili. Kisha akaangalia spana yake, akarudi nyuma hatua moja.

Mdogo wangu hakuhitaji kuinama. Uso wake ulikuwa karibu sawa na madigadi. Akaweka kiganja juu ya tairi, pale pale alipolipigapiga siku ya kwanza. Kiganja kilikuwa cha mtoto.

"Basi," akasema. "Basi. Imetosha. Mmeshiba."

*Krrr.*

"Mmeshiba!" nikapiga kelele mimi, lakini mimi sikuwa mwenye ruhusa, na sauti ikaendelea.

"Mmeshiba," akasema tena, polepole, akilia. "Nawaomba. Nina mtoto."

Ikakatika. Kukawa kimya kiasi kwamba nilisikia jiko la mama lishe nje ya ukuta. Kisha kwenye vipira vya kujazia upepo, vyote vinne, hewa ikaanza kutoka. Hakuna aliyevigusa. Ilitoka taratibu, ndefu, yenye joto, kama mtu anayecheua baada ya mlo. Ikanipiga usoni. Sikusikia harufu ya mpira. Nilisikia harufu ya kichwa cha mtoto mchanga, ile iliyokuwa inanifikia puani nilipombeba mdogo wangu mgongoni na yeye amelala. Nilikaa chini pale pale kwenye oili, nikalia kama niliyefiwa.

Nati zilitoka kwa vidole. Fundi hakutumia spana tena.

Kilicholiwa hakikurudi. Tulisubiri, tukampima, tukampima tena, lakini alibaki alivyo, mwanamume mwenye ndevu anayenifika kiunoni. Ila hakupungua zaidi. Kiroboto kilirudishiwa magurudumu yake madogo, na fundi akafunga kibao cha mbao juu ya pedali ili miguu izifikie. Kibandani alitengeneza jukwaa la kuzunguka kiti. Wateja wengine waliacha kuja, wengine walizidi. Utani ulirudi kidogo kidogo. Nilimshonea suruali mpya zote, kitambaa kidogo tu kilitosha, na nilijiambia mdogo wangu yupo hai, anazungumza, mke wake ana mume na mtoto wake ana baba. Nilishukuru.

Zile rimu hakuna aliyetaka kuzigusa. Fundi alisema zizikwe, mimi nikasema udongo hauwezi kitu, unatunza tu. Nyuma ya soko kuna watu wanaoyeyusha alumini chakavu kwa moto wa mkaa na upepo wa feni. Tukazipeleka huko, tukizisukuma kwa mti. Nilisimama mbele ya moto mpaka ya nne ikalegea, ikabonyea, ikawa uji mweupe. Wale vijana waliniuliza kama kuna kitu nimekisahau ndani. Nikawaambia hapana, endeleeni na kazi yenu. Nikarudi nyumbani nikalala usingizi mzuri.

Ulipita muda. Muhula mpya wa shule ukaanza, na asubuhi moja binti wa mdogo wangu akaja kibandani kwangu, mkoba mgongoni, sketi ya shule inafagia vumbi. Nikacheka nilipomwona. Nikamuuliza mama yake alikuwa anawaza nini kumvisha sketi ya msichana mkubwa.

"Ni yangu, shangazi. Ni ile uliyonishonea wewe. Mama amesema uipunguze."

Nikaishika. Nikageuza pindo. Mshono ulikuwa wangu, uzi ulikuwa wangu, na pindo lilikuwa bado halijashushwa, maana niliacha kitambaa cha akiba kwa kuwa mtoto atakua. Nilimsimamisha mbele yangu. Mkoba ulimfunika kuanzia shingoni mpaka nyuma ya magoti.

"Unakula vizuri nyumbani?" nikamuuliza.

"Nakula," akasema. "Ila sina njaa."

Sikufunga kibanda. Nilimshika mkono, tukatembea, kisha nikambeba, na alikuwa mwepesi mno, tukaingia kwao kwa mlango wa nyuma. Wifi yangu alikuwa jikoni. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria mpya, nyeupe, nzito, imejaa uji unaochemka kwa ajili ya mtoto. Nilivuta kitambaa, nikainyakua, nikamwaga uji wote sakafuni.

"Wifi! Una wazimu?"

Nikaigeuza juu chini. Kitakoni kulikuwa na alama nne za duara, zimezunguka katikati, kila moja na nafasi yake, laini, kama pale nati zilipokuwa zinakaa. Nilizisugua kwa kidole. Hazikuwa uchafu. Zilikuwa na joto, lakini si joto la jiko.

"Umeinunua wapi?"

"Nyuma ya soko, kwa wale wanaoyeyusha. Kuna nini?" Alikuwa ameanza kuogopa, anatazama uso wangu, anamtazama mtoto. "Ni sufuria nzuri. Hata muuzaji aliniambia nisiione ndogo, inakula kuliko inavyoonekana."

Nilitaka kumziba mdomo. Nilishindwa.

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini, wifi? Tulikuwa tunataniana tu. Nikamwambia iache ile, mtoto wa kulisha ninaye mmoja."